Haki ya Mnunuzi Kwenye Kaunta: Maswali Yenu na Majibu

Barua zilizofika katika ukurasa huu mwezi huu zinafanana kwa jambo moja. Mtu amelipa fedha zake, amepewa kilicho pungufu ya alicholipia, kisha akajikuta anazungumza kwa unyonge, kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda kuomba hisani. Nimechagua barua tano, nikazifupisha na kuyaacha majina ya waandishi wake.

Ndugu Mshauri, nilinunua pasi ya umeme ikaacha kupata moto siku ya tisa. Niliirudisha dukani nikiwa na risiti. Mhudumu hakuitazama hata kidogo. Alininyooshea kidole tangazo lililobandikwa ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nyuma yangu palikuwa na foleni, na watu wakaanza kuguna. Nilirudi nyumbani na pasi yangu, na tangu siku hiyo najiona mjinga. Je, tangazo lile ndilo la mwisho? Na nifanye nini ili nisiogope tena?

Ndugu yangu, tangazo la ukutani ni maneno ya mwenye duka, si sheria. Linaweza kuwa na uzito pale mnunuzi anaporudisha kitu kizima kwa sababu tu amebadili nia. Halina uzito huo pale kitu chenyewe kinapokuwa kibovu, kwa kuwa katika sheria za nchi nyingi mauzo hubeba ahadi ambazo zipo hata zisipotamkwa: kwamba bidhaa ina ubora wa kuridhisha, kwamba inafaa kwa kazi iliyokusudiwa, na kwamba inalingana na maelezo yaliyotolewa wakati wa kuuzwa. Pasi isiyopata moto haifai kwa kazi ya pasi, na hapo hapana ubishi.

Nchini Uingereza ahadi hizo zimeandikwa katika sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015, ambayo humpa mnunuzi siku 30 za kuikataa bidhaa mbovu na kurudishiwa fedha zake zote, na muuzaji hawezi kuifuta haki hiyo kwa kubandika karatasi ukutani. Katika Umoja wa Ulaya muuzaji huwajibika kwa muda usiopungua miaka 2 kwa kasoro ambayo bidhaa ilikuwa nayo alipoikabidhi. Kwanza hutakiwa kuitengeneza au kuibadilisha, na akishindwa, mnunuzi anaweza kudai apunguziwe bei au arudishiwe fedha. Siku na utaratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo kabla ya kurudi dukani tafuta kwanza sheria ya mahali ulipo inasemaje. Utakapofika pale ukiwa unaijua, sauti yako yenyewe itabadilika.

Ukiambiwa uende kwa mtengenezaji, jibu kwa upole kwamba uliyemlipa ni muuzaji na makubaliano yako ni naye. Dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida ni nyongeza juu ya wajibu wa muuzaji, haiuondoi. Na tafadhali, usiifungue pasi hiyo wala kuipeleka kwa fundi, hata kama fundi huyo ni jirani yako mwema, maana skrubu moja ikishaguswa utakuwa umempa muuzaji nafasi ya kusema kwamba umeiharibu mwenyewe.

Sasa nije kwenye hofu, kwa kuwa naamini ndiyo hasa iliyokufanya uandike. Miaka kadhaa iliyopita nilirudisha feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusuasua. Nilizungumza kwa karibu robo saa. Nilieleza joto la usiku, nikaeleza umbali niliosafiri, nikaeleza kwamba nilikuwa mteja wao wa siku nyingi. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza bila ubaya wowote, "Sasa unataka tukufanyie nini?" Nikakosa jibu. Sikuwa nimeamua kama nilitaka feni nyingine, au fedha zangu, au nitengenezewe ile ile, na katika kigugumizi hicho nikakubali kuiacha ili "waitazame". Ilikaa kwao miezi miwili. Tangu wakati huo sisimami mbele ya kaunta kabla sijaandika ombi langu kwenye karatasi kwa sentensi moja.

Sentensi yako inaweza kuwa hii: "Nilinunua pasi hii hapa siku kumi zilizopita, iliacha kupata moto siku ya tisa, risiti yangu hii, naomba mnibadilishie leo au mnirudishie fedha zangu." Hapo umetaja ulichonunua, kasoro yake, ushahidi wako na unachotaka, wala hujamlaumu mtu yeyote. Ukishaisema, nyamaza. Wengi wetu hushindwa hapo, kwa sababu ukimya wa kaunta unatutisha, nasi tunaanza kuujaza kwa maneno ya kujipunguza: labda niliitumia vibaya, labda haina neno, basi acheni tu. Mwache anayedaiwa jibu ndiye aujaze.

Kuhusu wale walioguna nyuma yako, hawana habari na jambo lako, wanataka tu foleni isogee. Waondolee sababu ya kuguna: mwambie mhudumu kwamba utasubiri pembeni mpaka msimamizi aje, usogee hatua mbili, lakini usitoke nje. Iwapo naye atakataa, muulize ni nani mwenye mamlaka ya kuamua jambo hilo, na umwombe akuandikie kwamba duka limekataa, pamoja na sababu yake. Nimeona mara nyingi katazo lililotamkwa kwa ujasiri likilegea pale mtu anapotakiwa kulitia saini. Wazee wetu waliposema biashara haigombi hawakumtaka mnunuzi anyamaze, walitaka pande zote mbili zizungumze bila kukatana, na sentensi ile moja inatimiza hilo.

Mshauri, nimenunua viatu, nikafika nyumbani rangi haikunipendeza. Tena risiti imepotea. Nina haki gani?

Kwa rangi usiyoipenda, kwa kawaida huna haki ya kisheria ikiwa uliingia dukani mwenyewe, ukaviona na kuvijaribu. Unachoweza kufanya ni kuomba, na maduka mengi hukubali kubadilisha kitu ambacho hakijatumika endapo mnunuzi amerudi mapema. Lakini huo ni ukarimu wao au utaratibu wao, kwa hiyo zungumza kama mwombaji wa jambo la hiari. Hali ni tofauti kwa anayenunua kwa mtandao, kwa sababu hajakishika kitu kwa mkono wake. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, humpa mnunuzi wa namna hiyo siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu yoyote, isipokuwa kwa bidhaa chache kama zile zilizotengenezwa kwa vipimo vyake mwenyewe.

Risiti nayo ni ushahidi mmojawapo. Taarifa ya benki, ujumbe wa malipo ya simu, hati ya kupokea mzigo, vyote vinaweza kuonyesha kwamba ulinunua, wapi na lini. Hata hivyo, mali bila daftari hupotea bila habari. Ipige risiti picha papo hapo unapopewa, kwa kuwa maandishi ya risiti nyingi za mashine hufifia kadiri muda unavyopita, hasa karatasi ikikaa kwenye joto au mwanga.

Ndugu Mshauri, huduma ya intaneti nyumbani kwangu hukatika kila jioni. Nimeipigia simu kampuni mara sita. Kila mara nasikiliza muziki, nabonyeza namba, kisha napokelewa na mtu mpya ambaye naanza kumsimulia upya. Wote ni wapole, wote wananiambia tatizo linashughulikiwa. Nimechoka kiasi kwamba nafikiri kuendelea kulipa na kunyamaza. Kuna njia?

Ipo, nayo ni ya zamani kuliko unavyoweza kudhani. Katika jumba la makumbusho la British Museum jijini London kuna kibao cha udongo kutoka mji wa kale wa Ur, katika nchi ya Iraki ya leo, kilichoandikwa yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo. Mtu aitwaye Nanni anamlalamikia mfanyabiashara Ea-nasir kwamba shaba aliyopewa mjumbe wake haikuwa bora, na kwamba mjumbe huyo alidharauliwa. Kinachonigusa ni jinsi barua ile ilivyomalizika: Nanni anasema kwamba kuanzia sasa hatapokea shaba isiyo safi, kwamba atachagua kipande kimoja kimoja katika uwanja wake mwenyewe, na kwamba ataitumia haki yake ya kukataa. Hakusubiri kuambiwa kwamba jambo linashughulikiwa. Alieleza kosa, akaeleza atakachofanya, na aliyaweka hayo yote katika maandishi ambayo sisi tunayasoma hadi leo.

Simu zako sita zimepotea hewani kwa sababu huna mkononi maandishi yanayozishuhudia. Kuanzia leo weka daftari dogo karibu na simu, na kila unapopiga andika tarehe, saa, jina la aliyekupokea, alichokuahidi na siku aliyosema kitakamilika. Kabla ya kukata simu, omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Ukikosa namba, lalamiko hilo huenda halikuandikwa popote. Mara nyingine ukipiga, anza kwa namba hiyo, wala usianze na hadithi.

Baada ya hapo andika barua moja, kwa baruapepe au kwa karatasi, kwa idara ya malalamiko ya kampuni hiyo. Taja tarehe ambazo huduma ilikatika na kwa saa ngapi, taja simu zako sita, sema unataka nini (matengenezo kabla ya tarehe fulani, au kupunguziwa malipo ya siku usizopata huduma, au kuvunja mkataba bila kutozwa faini), na weka mwisho wa kusubiri jibu. Siku 14 ni muda wa haki. Malizia kwa kusema kwamba usipojibiwa kufikia siku hiyo utalipeleka jambo kwa mamlaka inayosimamia huduma za mawasiliano. Usiandike tishio usilokusudia kulitekeleza. Siku ya 15 ikifika bila jibu, lipeleke kweli, pamoja na nakala ya kila kitu.

Na usidhani kwamba unasumbua. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy alilipelekea Bunge la Marekani ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Haki za Walaji Duniani. Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mwongozo wa kuwalinda walaji mwaka 1985, na toleo lake la mwaka 2015 linawataka wafanyabiashara wawe na njia ya kushughulikia malalamiko iliyo ya haki, ya wazi, ya haraka na isiyomgharimu mlaji pasipo sababu. Muziki wa kwenye simu, uliousikiliza mara sita bila kupata jibu, hautoshelezi matakwa hayo hata kwa mbali.

Mshauri, mimi nasimama upande wa pili wa kaunta. Kila siku natukanwa kwa makosa ya mfumo wa kompyuta ambao sikuutengeneza, na kwa bei ambazo sikuzipanga. Nikijibu naambiwa mteja ni mfalme. Mnapowafundisha wateja kudai haki zao, hamtuongezei sisi matusi?

Nakushukuru kwa barua hii, na sitaijibu kwa kujitetea. Ikiwa kuna msomaji wangu aliyefunga ukurasa huu akaenda kumtukana mhudumu, basi nilishindwa kueleza.

Msemo wa kwamba mteja hakosei ulivuma mwanzoni mwa karne ya 20, na mara nyingi huhusishwa na wenye maduka makubwa ya Chicago na London, hasa Marshall Field na Harry Gordon Selfridge. Ulikuja wakati ambapo kanuni iliyozoeleka ilikuwa kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, na akiuziwa kibovu shauri yake. Ulimaanisha kwamba duka lichukulie lalamiko kuwa la kweli mpaka lionekane vinginevyo. Hapakuwa na mahali ulipompa mnunuzi ruhusa ya kumdhalilisha mtu. Nilicholipia ni bidhaa na huduma; utu wa mhudumu haumo ndani ya risiti.

Kwa hiyo nawaambia wanunuzi wenzangu, na nalisema kwa dhati: anayekusikiliza kaunta kwa kawaida ndiye mwenye mamlaka madogo kuliko wote katika biashara ile. Bei imepangwa juu, utaratibu wa kurudisha bidhaa umepangwa juu, na yeye ametumwa kukuletea habari mbaya. Ukimfokea, unamkosesha mtu pekee aliye tayari kukusaidia nguvu ya kufanya hivyo. Muulize, "Wewe katika nafasi yako unaweza kunifanyia nini?" kisha umwombe akuunganishe na mwenye kuweza zaidi.

Kwako wewe, dada au kaka uliye nyuma ya kaunta, nina ushauri mmoja kutokana na wahudumu niliowaona wakiimudu kazi hii. Neno pole pekee halimtulizi mtu, kwa kuwa amelisikia mara nyingi bila tendo. Kinachomtuliza ni mipaka iliyo wazi: "Hili naweza kulifanya sasa hivi, lile siwezi, ila anayeweza ni fulani na ninamwita." Na akikutukana, una haki ya kusema kwamba utaendelea kumhudumia matusi yakikoma, na kumwita msimamizi wako.

Ila lawama kubwa naiweka kwa wenye biashara. Wanamweka kijana mbele ya watu mia kwa siku, wanamnyima ruhusa ya kubadilisha hata kitu kidogo kilichoharibika, kisha wanashangaa kwa nini kaunta imekuwa uwanja wa vita. Mpeni mhudumu mamlaka ya kumaliza shida ndogo papo hapo, na mtaona ni kelele kiasi gani zilizokuwa zikisababishwa na ule utaratibu wa "nisubiri nimuulize bosi".

Mwanangu Mshauri, nina miaka 71 na maandishi madogo siyaoni vizuri. Nikienda kununua kitu na mjukuu wangu, namuuliza muuzaji mimi, naye anamjibu mjukuu. Juzi nilinunua simu. Muuzaji alimweleza kijana kila kitu, hata chenji akampa yeye, ilhali fedha zimetoka kwenye mkoba wangu. Karatasi nilitia saini bila kuzisoma. Je, niache tu kwenda madukani?

Shikamoo, bibi. Usiache. Ule mwongozo wa Umoja wa Mataifa nilioutaja juu unawataja waziwazi walaji walio katika mazingira magumu kuwa ni watu wanaostahili ulinzi, na unataka kila mlaji atendewe kwa haki na usawa. Mtu asiyeona maandishi madogo anastahili kusomewa. Hapungukiwi na akili wala na fedha.

Tuanze na zile karatasi, kwa sababu muda una maana. Leo hii mwombe mtu unayemwamini akusomee zote kwa sauti, pole pole, na akuonyeshe mambo matatu: kama umeinunua simu moja kwa moja au umeingia mkataba wa kulipa kila mwezi, mkataba huo unadumu kwa muda gani, na kama kuna siku ambazo ndani yake unaruhusiwa kuuvunja. Ukikuta jambo ambalo hukuelezwa, rudi dukani mapema, kabla siku hizo hazijaisha, na useme wazi kwamba wewe ndiye uliyetia saini na hukuelezwa.

Kuanzia sasa, usitie saini kitu ambacho hujasomewa. Sema, "Nisomee mimi, nitakuuliza nisipoelewa." Muuzaji akisema ana haraka, mwambie aifunge karatasi uende nayo nyumbani, utarudi kesho. Kitu kizuri kitakuwapo kesho pia, na muuzaji anayekataa karatasi isomwe amekwisha kukuambia kilichomo ndani yake. Akimgeukia mjukuu wakati umeuliza wewe, rudia swali lako kwa sauti ile ile, ukimtazama usoni, na uuweke mkoba wako juu ya kaunta ambapo wote wawili wanauona.

Na wewe mjukuu, kwa kuwa nadhani ni wewe unayemsomea bibi ukurasa huu: safari ijayo, muuzaji akikugeukia, mwambie, "Mnunuzi ni bibi," kisha urudi hatua moja nyuma.